Aliyeupanda Muramura

Habari za kibanja chake, shamba la migomba lenye nyumba yake, kuchukuliwa, Nyiransabimana alizipata akiwa amechuchumaa jikoni anamenya ndizi za mchana. Aliyezileta hakuwa balozi wala mjumbe wa halmashauri, kama adabu ilivyotaka. Alikuwa jirani yake Kemigisha, aliyekuja mbio kanga inamdondoka, akaanza kusema kabla hajafika mlangoni.

"Mama Therese! Wamekitoa!"

"Wametoa nini? Kaa kwanza, utaanguka."

"Kibanja chako! Halmashauri ya kijiji imekaa jana. Shule inajengwa hapa. Hapa hapa, tangu barabarani mpaka mlangoni kwako!"

Nyiransabimana hakuacha kumenya. Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye maji pamoja na nyingine, ndipo akauliza, "Na wanakinunua kwa nani?"

Kemigisha akatazama pembeni. "Hawanunui. Wamesema ardhi ni ya kijiji. Wamesema wewe ni mgeni."

Mgeni! Jamani, kuna tusi linalouma na kuna tusi linalochekesha, na hili lilikuwa yote mawili kwa pamoja. Huyu mama alifika Karushozi msichana, mtoto mgongoni, akitokea Rwanda kwa miguu. Sasa kichwa kilikuwa cheupe na mtoto yule yule, Therese, alikuwa ameolewa kule Nyakakika na kumletea mjukuu wa kulea. Mumewe Theoneste alikuwa amelala nyuma ya nyumba, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mgeni gani huyo asiyekwenda kwao miaka yote hiyo, mpaka anazika?

"Basi nisaidie kumenya," alisema Nyiransabimana. "Tukishakula nitajua la kufanya."

Sasa, msije mkadhani mama huyu alikuwa adui wa shule. Hapana. Mwaka ule wa themanini na tano hakuna mtu Karushozi aliyeitaka shule kumshinda yeye. Mjukuu wake Costansia alikuwa akitembea na wenzake mpaka Isingiro asubuhi na mapema, na mvua zikinyesha mto unajaa, watoto wanarudi nyumbani wamelowa, daftari zimekuwa uji. Wilaya ya Karagwe ikasema, kijiji kitafute ardhi, kiinunue kwa halali, kikabidhi, walimu wataletwa. Watu wakachanga kutoka kwenye kahawa yao. Nyiransabimana alichanga. Tena alipasua mawe ya msingi na wanawake wenzake huku mawe yenyewe hayajui yatawekwa wapi.

Na kila mtu alijua yatawekwa wapi. Juu ya kijiji kulikuwa na rweya, yaani ile ardhi ya majani matupu isiyo na mgomba wala mkahawa, pana, tambarare, ya kujenga hata shule mbili. Ilikuwa ya ukoo wa Gaudiosus. Na Gaudiosus ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na kwenye rweya ile ndiko ng'ombe wake walikokuwa wakilishwa. Mnaelewa? Halmashauri ikakaa mara ya kwanza, ikataja rweya. Ikakaa mara ya pili, rweya ikawa na upepo mkali. Ikakaa mara ya tatu, rweya ikawa mbali na barabara. Mara ya nne haikutajwa kabisa, kikatajwa kibanja cha mjane.

Mkutano wa hadhara uliitishwa Jumapili baada ya ibada, Walutheri na Wakatoliki wote wakiwa bado wamevaa nguo nzuri. Gaudiosus alisimama na suti yake ya kaunda, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, hilo hatumnyimi. Akazungumzia maendeleo, akazungumzia adui ujinga, akatangaza uamuzi wa halmashauri kama mtu anayetangaza ndoa. Watu wakapiga makofi mawili matatu, ya woga.

Nyiransabimana akasimama.

"Shikamooni wazee. Mwenyekiti, nimekusikia. Shule naitaka. Ikiwa kibanja changu ndicho kinachofaa, sawa, kinunueni. Sikatai kuuza."

"Mama, hukuelewa," alisema Gaudiosus kwa upole wa kumwambia mtoto. "Ardhi inanunuliwa kwa mwenyewe. Wewe ulikaribishwa tu. Tutakutafutia mahali pengine pa kukaa."

"Nilikaribishwa na nani?"

"Na marehemu baba yangu, kwa huruma yake."

"Marehemu Rwegoshora alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini huruma yake ilikula mtamba wangu." Watu wakaanza kuguna. Nyiransabimana akapandisha sauti. "Tulitoka kwetu na ng'ombe wengi, tukafika hapa na mtamba mmoja. Huyo huyo ndiye tuliyempa baba yako, akatupa mteremko ule. Majani matupu! Hakuna hata mgomba mmoja! Wale ng'ombe unaowalisha kwenye rweya, mwenyekiti, wengine ni wajukuu wa mtamba wangu. Mbona wao hawaitwi wageni?"

Kicheko kikalipuka, cha wanawake hasa. Gaudiosus akangoja kiishe.

"Yule mtamba alikuwa shukrani," akasema. "Mgeni mwenye adabu hutoa shukrani. Yupo mtu anayeweza kusimama hapa aseme alikuwa mauzo?"

Alikuwepo. Mzee Melkiory alikuwa amekaa benchi la mbele, fimbo kati ya magoti. Siku ile ya mtamba yeye ndiye aliyekuwa shahidi. Aliiona miti ya mpaka ikipandwa na alikunywa rubisi, pombe ya ndizi ya mashahidi, mpaka akarudi nyumbani akiimba. Nyiransabimana alimtazama. Kemigisha alimtazama. Nusu ya mkutano ilimtazama. Lakini mzee Melkiory aliishi kwa kupika na kuuza pombe, na kibali cha pombe kilitoka mkononi mwa mwenyekiti. Akakodolea macho vidole vya miguu yake kana kwamba ameviona leo.

"Hakuna," alisema Gaudiosus. "Basi uamuzi umepita. Mama, kuanzia leo usilime tena pale. Afisa ardhi atakuja kuweka vigingi."

Nyiransabimana angekuwa mwanamke wa kulia, angelia. Badala yake akasema maneno ambayo watoto wa Karushozi waliyaigiza wiki nzima wakichunga mbuzi:

"Siombi kuachiwa. Naomba kununuliwa! Mtu ananunua kwa mwenyewe, umesema wewe. Basi mpaka mseme mwenyewe ni nani, sitoki, na kulima nitalima."

Akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi ya Jumatatu alichukua mundu akapanda kule kwenye rweya kukata nyasi. Kwa mtu wa kwingine hilo si jambo. Kwa watu wa huku lilikuwa ni kumtemea mwenyekiti mate hadharani. Kibanja hakiwi kibanja kwa kupanda mgomba tu. Unakata nyasi juu, unazibeba kichwani, unazitandaza chini ya migomba, zinaoza, unatandaza tena, mwaka kwa mwaka, mpaka udongo mwekundu ule mkavu unakuwa mweusi na laini. Mwenye kuhama hatandazi nyasi. Anayetandaza anasema kwamba msimu ujao nipo, na ule mwingine nipo.

Alitandaza tangu barabarani, ili kila apitaye aone.

Siku ya tatu Gaudiosus akamtuma mgambo wake, Yustus, kijana mrefu mwenye rungu na buti lililokosa kamba. Yustus akasimama kwenye ukingo wa kibanja, akakohoa.

"Mama, mwenyekiti anasema uache."

"Shikamoo imekwenda wapi, Yustus?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako hajambo mguu?"

"Anaendelea vizuri. Mama, anasema uache kutandaza."

"Nimesikia. Ukirudi mwambie umenikuta naacha." Na huku anatandaza. "Shika upande ule, fungu hili zito."

Yustus akaweka rungu chini akashika upande ule. Si kwamba alikuwa mjinga, hapana. Yustus alizaliwa usiku wa mvua na mkunga alikuwa huyu huyu mama. Akatandaza mafungu mawili, akala ndizi mbivu, akaokota rungu lake, akaenda kuripoti kwamba amemkuta mama anaacha.

Kemigisha naye akaja na fungu la nyasi kichwani. Kesho yake wakaja wanawake watano. Kisha wakawa wengi wa kutosha kuimba. Waume zao waligomba, wengine kwa kweli, wengine kwa kujionyesha. Mume wa Kemigisha alimwambia mkewe kwamba atawaletea uhasama na mwenyekiti, na mkewe akamjibu kwamba leo ni Nyiransabimana kwa sababu alitoka Rwanda, na kesho atakuwa ni yeye Kemigisha kwa sababu alitoka kijiji cha pili. Mume akatafuta kiko chake.

Lakini tusidanganyane. Usiku Nyiransabimana aliogopa. Alikuwa mjane, kiongozi wa kijiji alikuwa amekwishatamka, na ya kutamkwa na wakubwa hayarudi mdomoni kirahisi. Alikuwa ameshafukuzwa mahali mara moja maishani, na alijua kwamba kufukuzwa kunaanza hivi hivi, kwa neno moja dogo watu wakilizoea. Alichokiogopa si kukosa pa kulala, Therese angemchukua. Aliogopa kwamba siku moja Costansia atauliza, bibi, pale shuleni palikuwa pa nani? Na atajibiwa hapakuwa pa mtu.

Afisa ardhi alikuja Alhamisi moja na Landrova ya wilaya, vumbi mpaka masikioni. Alikuwa kijana wa watu, mpole, mwenye haraka. Alikuwa na vijiji vingine viwili vya kupitia kabla ya giza. Halmashauri yote ilikuwa imejipanga barabarani, na nyuma yao kijiji kizima, maana Landrova haikuwa ikija kila siku.

Nyiransabimana hakutoka. Alikuwa ameapa kwamba hatakwenda kusindikiza kibanja chake kama maiti. Alikaa jikoni, mlango wazi, akichambua maharage. Aliyasikia yote.

"Mpaka unaanzia wapi?" aliuliza afisa.

"Hapa," alisema Gaudiosus, akionyesha.

Pale kwenye kona ya barabara ulisimama muramura. Ni mti mwembamba tu, majani marefu ya kijani, usioliwa na ng'ombe wala kuchomwa kuni. Lakini huku kwetu, palipo na muramura ndipo palipo na mpaka, na ndipo ugomvi unapoishia. Mipaka yote ya kibanja kile ilikuwa na miramura, na ule wa kona ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, shina limekuwa kama mguu wa mtu.

"Sasa huu ung'oeni," alisema afisa ardhi. "Kigingi kinakaa hapo hapo kwenye kona. Siwezi kuweka mpaka juu ya mpaka."

Watu wakarudi hatua moja nyuma.

"Ung'oeni, jamani. Jembe si lipo?"

Gaudiosus akamgeukia Yustus. "Yustus, ng'oa."

Yustus akaweka mikono nyuma. "Mwenyekiti, unitume kokote, lakini hapo mimi sigusi."

"Wewe ni mgambo!"

"Mimi ni mgambo, lakini nataka kuoa."

Watu wakacheka, lakini si sana, kwa sababu Yustus alikuwa amesema kweli. Muramura hung'olewa na yule aliyeupanda, mbele ya mashahidi, au na mtoto wake akishakufa. Mtu mwingine akiugusa, basi. Hakuna atakayekunywa naye kwenye kibuyu kimoja. Hakuna atakayempa binti. Akifiwa atachimba kaburi peke yake na watoto wake, majirani watakaa majumbani mwao. Hakuna sheria ya wilaya inayosema hivyo, na hakuna mtu wa Karushozi aliyewahi kuhitaji sheria ya wilaya ili alijue hilo.

Na halmashauri, wazee wazima, wamekaa vikao vinne, wakaamua mpaka na mahali pa choo cha walimu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka muramura! Au pengine walikumbuka wote, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye atakayeung'oa.

Gaudiosus akamtaja mjumbe wa kwanza. Mgongo unamuuma. Akamtaja wa pili. Wa pili akasema yeye ana mtoto mchanga. Wa tatu alirudi nyuma tu mpaka akamezwa na watu. Mwishowe mwenyekiti mwenyewe akavua koti la kaunda, akampa mtu amshikie, akalichukua jembe. Akausogelea muramura. Akaweka kiganja kwenye shina.

Kemigisha alisimulia baadaye kwamba aliona jasho likitoka nyuma ya masikio ya mwenyekiti kama maji ya chemchemi. Alikuwa na wake zake, alikuwa na watoto wa kuoza, alikuwa na mama mzee kitandani ambaye siku yoyote angehitaji kuzikwa.

Akautoa mkono.

"Bwana afisa," akasema, "hili ni suala la mila. Tumwite aliyeupanda."

"Mwiteni basi!" alisema afisa, anatazama saa. "Nani aliupanda?"

Nyiransabimana aliyasikia maneno yale kule jikoni na mikono yake ikasimama kwenye maharage. Hakuwa amelipanga hili, wallahi hakuwa amelipanga. Alikuwa amesahau kwamba mkono wake ndio uliofukia ule udongo, kwa sababu Theoneste siku ile alikuwa na homa anatetemeka kwenye mkeka, na marehemu Rwegoshora akasema, haya, mwanamke apande, udongo haujui.

Akasimama. Akafunga kanga yake vizuri. Akachukua jembe lake mwenyewe, lile la mpini uliolainika, akashuka barabarani.

Watu wakampisha.

"Shikamoo mama," alisema afisa ardhi.

"Marahaba mwanangu. Pole na safari."

"Asante. Mama, tunaomba utung'olee huu mti, tuendelee na kazi."

Nyiransabimana akaegemea jembe. "Niung'oe kama nani?"

"Sijakuelewa, mama."

"Mimi hapa ni mgeni. Mwenyekiti alitangaza, watu wote wamesikia, wengine walipiga makofi. Mgeni anagusaje mpaka wa watu? Mimi naogopa, mwanangu. Nitakosa mtu wa kunizika."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapita kwa vijana, kikawafikia hata wajumbe wawili ambao walijifanya wanakohoa. Afisa ardhi hakucheka. Alikuwa kijana wa huku huku, nyumbani kwao nako kulikuwa na miramura, na uso wake ulianza kubadilika.

"Mwenyekiti," alisema, "niliambiwa eneo hili halina mtu."

"Halina! Huyu alikaribishwa tu, yaani, ni mambo ya zamani..."

"Sasa huyu asiye na eneo amepandaje mpaka?"

Gaudiosus akawatazama wenzake, na wenzake wakaanza kutazama Landrova, kana kwamba hawajawahi kuona gurudumu.

Ndipo fimbo ikagonga chini. Mzee Melkiory alikuwa amesogea mbele.

"Mimi nilikunywa," akasema.

"Mzee, kaa chini," alisema Gaudiosus.

"Nimekaa chini vya kutosha! Nilikunywa rubisi ya mpaka huu, Gaudiosus. Baba yako ndiye aliyenimiminia. Mtamba alipokelewa, mwanamke huyu akapanda, mimi nikaona. Uliuliza nani atasimama aseme ni mauzo. Haya, nimesimama. Kibali chukua."

Akamgeukia Nyiransabimana, akashindwa kumtazama usoni. "Nilikosa siku ile, mama."

"Ulikosa kweli," alisema Nyiransabimana. Hakuwa tayari kumsamehe papo hapo, na hakujifanya. "Lakini asante."

Kisha akamgeukia mwenyekiti. Sasa hakuna aliyecheka.

"Mwenyekiti, niulize kwa utaratibu. Unaniomba nini, na unamwomba nani?"

"Mama, acha kunidhalilisha mbele ya serikali."

"Mimi umenidhalilisha mbele ya kanisa zima. Sema."

"Tunakuomba... ung'oe muramura."

"Ulio kwenye kibanja cha nani?"

Gaudiosus akasema kitu chini chini.

"Wa nyuma hawasikii!" alipiga kelele Kemigisha, na Mungu amlipe kwa hilo.

"Kibanja chako!"

"Mimi sina jina? Kila siku yule mama, yule wa Rwanda, yule mjane. Nina jina. Nilibatizwa."

Na mwenyekiti wa kijiji cha Karushozi, mbele ya halmashauri yake, mbele ya wilaya, mbele ya mgambo wake mwenyewe aliyekuwa anatabasamu waziwazi, akasema kwa sauti yake ile nzuri: "Kibanja cha Nyiransabimana." Alijikwaa katikati ya jina, akarudia mpaka likatoka lote.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilimwamsha hata yule mama mzee kitandani.

Nyiransabimana alisubiri viishe. Alitamani kukaa chini, lakini hakukaa. "Sasa tunaweza kuzungumza," akasema. "Karibuni ndani. Biashara ya ardhi haifanywi barabarani."

Wakaingia uani kwake wakakaa kwenye vigoda vyake. Na hapo, ndugu zangu, ndipo maajabu yalipotokea. Kibanja kile kilipokuwa cha bure, halmashauri ilikihitaji chote mpaka mlangoni pa mwenyewe. Kilipobidi kinunuliwe, kumbe nusu ya chini iliwatosha! Kumbe tena madarasa mengine yanaweza kupanda mpaka kwenye rweya, ambako ghafla upepo ulikuwa umetulia na barabara imesogea karibu. Afisa ardhi ndiye aliyeuliza rweya ile ni ya nani, akiwa na sura ya mtu asiyejua, na Gaudiosus akasema ukoo wake utafurahi sana kutoa. Alisema kama mtu anayeng'olewa jino.

Bei walikubaliana, na hatuna haja ya kuitaja. Nusu ya juu, yenye nyumba na kaburi la Theoneste na migomba iliyonenepa, ilibaki. Mzee Melkiory alituma rubisi iletwe kutoka kwake, akakataa kulipwa. Muuzaji akaonja kwanza, kisha mnunuzi, kisha mashahidi, kibuyu kimoja, mrija mmoja. Afisa ardhi naye alionja, akasahau vijiji vyake viwili.

Jua likaanza kushuka, wakarudi kwenye kona. Nyiransabimana akachimba taratibu kuuzunguka muramura wake, asije akakata mizizi. Alipoushika shina kuuvuta, machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Aliuona ule mkeka, na Theoneste anatetemeka juu yake, anauliza kwa sauti ya mgonjwa, umepanda? umefukia vizuri? Mti ukatoka na udongo wake mweusi, ule wa nyasi za miaka yote, na akaubeba mwenyewe kifuani mpaka katikati ya mteremko, ambako Yustus alikuwa ameshachimba shimo la mpaka mpya.

Mila inasema mnunuzi ndiye anayeushika muramura usimame, na muuzaji ndiye anayefukia. Mnunuzi alikuwa kijiji. Na kijiji, siku zote, kilikuwa kimesema kwamba kijiji ni mwenyekiti.

"Shika," alisema Nyiransabimana.

Gaudiosus akauinamia. Shimo lilikuwa chini, mti ulikuwa mzito, ikabidi apige magoti, suruali ya kaunda ikazama kwenye nyasi zilizooza. Akaukumbatia muramura kwa mikono miwili, akausogeza kidogo upande wa juu, akainua uso.

"Hapa?"

Nyiransabimana akatazama chini barabarani, ambako Costansia na wenzake walikuwa wanarudi kutoka Isingiro, wametapakaa matope ya mtoni mpaka magotini. Akatazama juu, kwenye migomba yake. Kisha akamtazama mwenyekiti.

"Rudi nyuma kidogo," akasema. "Hapo umeingia kwangu."

Akarudi nyuma.